Unaishi hapa, lakini si mkaazi: karo ya chuo na hati za uhamiaji Marekani

Hii ni hotuba fupi niliyotoa kwenye kikao cha wanafunzi wa sayansi ya siasa. Wengi mliniomba niiweke hapa, kwa hivyo nimeikata vipande. Kama kawaida, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

1. Binti ya shangazi yangu aliingia Texas akiwa na miaka minane, kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, wakabaki. Akasoma huko hadi akamaliza sekondari na kuingia chuo cha umma. Mwaka wa 2025 chuo kikamwambia alipe karo ya mtu wa nje. Bili ikazidi mara mbili. Kwenye grupu yetu ya familia tukagawanyika kabisa. Ndiyo maana nikaanza kusoma hii kitu.

2. Kwanza tusichanganye maneno. Chuo cha umma Marekani kina karo mbili: ya mkaazi wa jimbo na ya mtu wa nje. Mkaazi hulipa kidogo kwa sababu jimbo linachangia kupitia kodi. Hata Mmarekani kamili kutoka jimbo lingine huitwa mtu wa nje. Kwa hivyo uraia ni jambo moja, ukaazi wa karo ni lingine.

3. Majimbo mengi yanataka uwe umeishi huko angalau miezi 12 na uwe na nia ya kubaki. Hapo kwenye nia ndipo hati za uhamiaji huingia. Mwenye grini kadi anaweza kuwa mkaazi kama raia. Lakini Mkenya aliyeenda kwa viza ya mwanafunzi, F-1, alisema atarudi nyumbani. Hawezi kusema tena kwamba amehamia. Akae miaka minne, bado atalipa kama mgeni. Kwenye Chuo Kikuu cha California hiyo nyongeza pekee inapita dola 30,000 kwa mwaka. Wazazi mnaouza shamba, ulizeni hilo kwanza.

4. Sasa wasio na hati. Mwaka wa 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotoka Texas hiyo hiyo, Mahakama ya Juu ilisema mtoto asinyimwe shule ya umma ya bure kwa sababu hana hati. Lakini uamuzi huo unaishia sekondari. Chuo haumo.

5. Mwaka wa 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria: jimbo lisimpe asiye na hati nafuu ya chuo kwa msingi wa ukaazi, isipokuwa raia yeyote wa Marekani aweze kuipata pia, hata kama haishi jimbo hilo.

6. Mwaka wa 2001 Texas na California zikatafuta njia. California ilisema: ukisoma sekondari hapa miaka mitatu na ukamaliza, umesamehewa karo ya mtu wa nje. Haikutaja ukaazi. Raia aliyesoma hapo kisha akahama naye anapata. Mahakama ya juu ya jimbo ilikubali hoja hiyo mwaka wa 2010. Texas nayo iliandika kwamba mtu kama huyo ni mkaazi. Neno moja tu, lakini likawa shida.

7. Tarehe 4 Juni 2025 serikali ya shirikisho iliishtaki Texas. Siku hiyo hiyo jimbo likakubali, na jaji akazuia sheria hiyo. Miaka 24 ikazimwa kwa siku moja, bila pande mbili kubishana kortini. Florida nayo ilikuwa imefuta nafuu yake kupitia bunge la jimbo mwaka huo huo.

8. Hoja za pande zote mbili zina uzito. Mmoja anauliza: kwa nini raia wa jimbo jirani alipe zaidi ya mtu asiye na hati? Mwingine anajibu: huyu mtoto hakuchagua kuja, wazazi wake wanalipa kodi ya mauzo kila wanaponunua kitu, na jimbo limeshamsomesha miaka yote hiyo. Ukisikia mjadala, angalia mtu anajibu swali gani. Mara nyingi kila mmoja anajibu lake.

9. Na tusijifanye hatuhusiki. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kama Wakenya mwaka wa 2016 tu, baada ya miongo ya kuishi hapa. Kabla ya hapo, kijana wao bila kitambulisho angeomba mkopo wa chuo vipi?

10. Binamu yangu ameahirisha masomo. Shangazi aliniuliza kwa simu, "Kama mtoto huyu si mkaazi wa hapa, ni mkaazi wa wapi?" Sikuwa na jibu. Nyinyi mngemwambia nini? Andikeni hapa chini, kwa heshima.