Tuchangie Hesabu za Watoto Wetu
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika harambee ya mwaka ya wana-Ipuli

 

Harambee zetu zimezoea mambo yanayoonekana kwa macho: saruji, bati, madawati. Mwaka huu Kamati ya Elimu inaomba kitu ambacho hakina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Tunaomba karatasi. Tunajua wapo wanaonong'ona, "Tumetoka mbali kuja kuchangia karatasi?" Tupeni dakika chache tujieleze.

Mji huu ulikua kwa hesabu. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara kati ya pwani na Ujiji ilipita Unyanyembe. Pembe zilipimwa kwa frasila, vitambaa vikahesabiwa kwa shuka na doti, na shuka mbili zikawa doti moja. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, na alijua vizuri anadai nini mwisho wa safari. Burton na Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh Novemba 7, zaidi ya siku 130 njiani. Katika safari kama hiyo, asiyejua kugawa posho alilala njaa.

Leo biashara zimebadilika, lakini haja ni ile ile. Mkulima wa tumbaku hupewa karatasi yenye kilo, madaraja, bei na makato ya pembejeo. Mrina asali huuza kwa debe, mwenzake akanunua kwa kilo. Fundi hukadiria tofali. Asiyeweza kuihakiki karatasi ile hutia saini tu na kurudi nyumbani akiamini alichoambiwa. Hatusemi kwamba kila mwenye mizani ni mwizi. Tunasema mtoto wa Ipuli akue akiweza kukagua mwenyewe.

Sasa tuangalie hali ilivyo. Katika mtihani wa Taifa wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati nchini walikuwa takriban asilimia 20, yaani mmoja katika kila watano. Mwaka 2023 wakafika takriban robo. Tumepanda, lakini watatu kati ya wanne bado wanabaki nyuma. Shida hii haianzii kidato cha nne. Inaanza chini kabisa, katika jambo dogo ambalo halikunyooshwa kwa wakati.

Tutoe mfano mmoja. Mwandikieni mtoto 402 kutoa 178. Wengi watawapa jibu 376. Wazazi tukiona alama ya mkasi tunasema mtoto mvivu. Hapana. Mtoto huyo ana kanuni yake: kila safu anachukua namba kubwa anatoa ndogo. Nane kutoa mbili, sita. Saba kutoa sifuri, saba. Nne kutoa moja, tatu. Amefuata kanuni hiyo kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe si sahihi. Ukimchapa hataijua iliyo sahihi. Ukimpa maswali hamsini ya aina ile ile, ataikosea mara hamsini na kuizoea.

Dawa yake ni vijiti. Mafungu manne ya mia mia, na vijiti viwili vilivyo peke yake. Mwambie atoe vinane. Havitoshi, na fungu la kumi hakuna. Basi afungue fungu moja la mia, apate mafungu kumi ya kumi kumi, kisha afungue moja kati ya hayo. Sasa ana mia tatu, makumi tisa, na vijiti 12. Atoe: vijiti vinabaki vinne, makumi mawili, mia mbili. Jibu ni 224. Amelishika kwa mikono yake. Baada ya hapo ndipo anapohitaji karatasi ya mazoezi: maswali sita tu, yanayopanda ngazi kutoka rahisi hadi gumu, na la mwisho limwambie, "Eleza kwa maneno yako ulivyopata."

Hiyo ndiyo karatasi tunayoiombea. Kazi yake ya kwanza ni kumwonyesha mwalimu nani amekosea na amekosea kwa namna gani. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku, lakini anaweza kuzipanga karatasi 80 mafungu matatu: walioelewa, waliokosea njia moja, na waliopotea kabisa. Kesho yake anajua aanze na nani. Maswali yakiandikwa ubaoni peke yake, anayekaa nyuma hukosea kwa kunakili kabla hajakosea kwa kuhesabu, na nusu ya kipindi huishia kwenye kunakili.

Karatasi zitatungwa na walimu wetu wenyewe kwa kufuata muhtasari wa masomo. Mtaona ndani yake maembe, mpunga, nauli ya bodaboda, na reli ya kutoka Dar es Salaam. Bao nalo lina nafasi yake: mashimo 32 na kete 64 ni somo zima la kuzidisha na kugawanya, na wazee wetu chini ya miembe wanaweza kulifundisha kuliko sisi. Kwa wanaojiandaa kwenda sekondari, ambako Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, kila karatasi itaweka majina ya lugha zote mbili kando kwa kando: mzingo, kipenyo, wastani, sehemu. Mtoto anayejua wastani asishindwe kwa sababu tu umebadilishwa jina.

Na karatasi hiyo itafika nyumbani. Hili ni muhimu. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Uingereza na Marekani walikutana Entebbe, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika. Walikuwa na nia njema na elimu kubwa. Lakini mzazi aliyefungua daftari la mwanawe alikuta seti na alama asizozijua, na msaada wa nyumbani ukakatika. Sisi tunataka bibi aliyeuza karanga sokoni miaka 30 aweze kukaa na mjukuu wake na kusema, "Hapo umenipunja chenji."

Tuje kwenye gharama, nanyi mtukague. Darasa la watoto 80, kila mtoto nusu karatasi kwa wiki, kwa wiki 36 za masomo. Hizo ni nusu karatasi 2,880, sawa na karatasi nzima 1,440. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo rimu tatu zinatosha na karatasi 60 zinabaki kwa zitakazoharibika mashineni. Tumekadiria shilingi 16,000 kwa kila rimu, pamoja na wino. Jumla shilingi 48,000 kwa darasa kwa mwaka mzima. Gawanyeni kwa 80: shilingi 600 kwa mtoto. 

Vijiti hatuombi. Vitakatwa na watoto. Vizibo vya soda vitaokotwa. Tunaomba karatasi, wino, na nauli ya walimu watakaokutana Jumamosi moja kila mwezi kutunga maswali na kulinganisha makosa ya watoto wao.

Jambo la mwisho. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi haina ada, na mchango huu hautakuwa ada iliyobadilishwa jina. Ni wa hiari. Hakuna mtoto atakayenyimwa karatasi kwa sababu nyumbani kwao hawakutoa. Fedha zitapokelewa kwa stakabadhi, matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na tutawaomba wanafunzi wa darasa la saba wajumlishe hesabu hiyo kabla hatujaisoma mbele yenu mwakani. Wakikuta tumekosea, watasema hadharani.

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi moja. Haba na haba, walisema, hujaza kibaba. Mwenye kuweza mtoto mmoja atoe 600. Mwenye kuweza darasa atoe 48,000. Mwenye kuweza shule nzima tunamwomba asubiri mwisho, tumpigie makofi yake peke yake.

 Mungu aibariki Ipuli, Mungu aibariki Tabora.