Kuoanisha Simu na Vyombo Vingine

Katika somo la leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila ya kulifahamu sawasawa, nalo ni kuoanisha simu ya mkononi na chombo kingine kisichotumia waya, kama vile spika, redio ya gari, au simu ya mwenzako.

Kwanza tuulizane: sauti yapitaje bila ya waya? Yapita kwa mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi haya yanayowaletea sauti yangu, ila yale ni mafupi sana. Wimbi moja lina urefu wa kadiri ya sentimita 12, na katika vyombo vidogo vingi nguvu yake hufika mita 10 hivi. Njia hii huitwa Bluetooth. Kampuni ya Ericsson ya Uswidi ndiyo iliyoianza kazi hii mwaka 1994. Jina lenyewe ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na maana yake ni Jino la Buluu.

Basi, kuoanisha ni nini? Vyombo viwili vikutanapo mara ya kwanza hupeana ufunguo wa siri, na kila kimoja huuweka. Siku ya pili havipigi hodi tena. Vikiwa vimewashwa na vikikaribiana, mara nyingi hushikana vyenyewe. Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo penye hatari.

Nitawapa mfano wangu mwenyewe. Mwaka jana, katika arusi moja upande wa Wete, niliwapa vijana simu yangu waioanishe na spika ili watu wasikie kaswida. Arusi ikesha, nikasahau. Siku ya tatu nilipita nyumba ile ile, nikakuta watu barazani wanakunywa kahawa na spika imewashwa. Mara dada yangu akanipigia. Nilipopokea tu, sauti yake ikatoka kwenye spika, naye anaeleza habari za deni la mumewe. Nilipohangaika kuikata, baraza nzima ilikwisha sikia, na kabla ya magharibi mume mwenyewe alikuwa amepata habari. Dada yangu hakusema nami mwezi mzima. Spika haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo yafaa kushika mambo matatu.

La kwanza, mkioanisha simu mbili, mara nyingi kila moja huonyesha tarakimu 6. Zisomeni zote mbili. Zikiwa sawa, kubalini, zikitofautiana, kataeni. Na ukiwa katika boti ya Mkoani kwenda Unguja, simu ikakuuliza habari ya chombo usichokijua, kataa vile vile.

La pili, redio ya gari huweza kuomba majina na namba zilizomo katika simu yako. Gari likiwa la kukodi, usikubali, kwani namba za jamaa zako huenda zikabaki humo baada ya wewe kushuka.

La tatu, na ndilo kubwa: ukimaliza kutumia chombo cha mtu, kifute. Kuzima peke yake hakutoshi. Fungua Mipangilio, tafuta Bluetooth, gusa alama iliyo kando ya jina la chombo kile, kisha gusa neno Sahau.

Kazi ya juma hili, kwa kila kikundi cha wasikilizaji: fungueni simu zenu, mhesabu majina ya vyombo yaliyomo. Kila jina mwulizane, "Hiki ni cha nani?" Kisichojulikana kifutwe. Asiyejua kusoma asaidiwe na mwenziwe, bila ya kuonewa haya.

Chombo hakijui siri ni nini. Anayejua ni mwenyewe. Mpaka juma lijalo, kwaherini.