Hatari Mahali pa Ujenzi: Msingi Unaochimbwa Aprili
Mada kwa semina ya mafundi, makandarasi na watendaji wa vijiji, Moshi

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze hatari zinazowakabili wafanyakazi wa ujenzi. Mnazijua: kuanguka kutoka kwenye jukwaa la mirunda, kuangukiwa na tofali, shoti ya umeme, misumari, vumbi la saruji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri azikinge, na OSHA, wakala wa serikali, ndiyo inayoisimamia. Hapo sina la kuongeza, ila hatari moja inayosahauliwa: udongo wa shimo la msingi kumfukia mchimbaji.

2. Tatizo lenyewe

Ghorofa lilipoporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, nchi nzima ilizizima. Udongo ukimfukia kibarua mmoja mgombani, habari huishia msibani.

Huku kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, kiko mtelemkoni. Kupata uwanja, lazima kilima kikatwe. Mwenye nyumba anakuja Pasaka, anamwonyesha fundi mahali, anaacha hela ya msingi na kurudi Dar. Krismasi anataka alale ndani. Basi tunachimba Aprili, masika yamepamba moto. Juu ya ukuta uliokatwa unapita mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, wenye maji. Ukingoni umerundikwa udongo uliotoka shimoni. Chini ameinama saidia fundi na sururu yake.

Mafundi huniambia, "Udongo wa huku unasimama wenyewe." Kiangazi ni kweli, na ndiyo maana unatudanganya. Ukishalowa huachia ghafla, na mita moja ya ujazo hupita tani moja. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa kiko nje.

Niliwahi kuitwa kukagua shimo baada ya mtu kufukiwa. Mirunda ya kukingia kuta ilikuwepo, imelazwa chini ya mgomba, ikisubiri kazi ya jukwaa.

Siwalaumu wakaguzi, ni wachache na vihamba havina kibao cha mradi. Lakini suala la kukinga kuta za shimo nimelisema katika semina zaidi ya moja.

3. Mapendekezo

(a) Shimo linalozidi mita 1.5 asiingie mtu kabla kuta hazijakingwa kwa mbao na mirunda, au kukatwa kwa mlalo.
(b) Udongo umwagwe mbali na ukingo, angalau mita moja.
(c) Mfongo ulio juu ya shimo ugeuzwe kwanza, kwa makubaliano na wenye zamu ya maji.
(d) Fundi mkuu akague kuta kila asubuhi na kila baada ya mvua.
(e) Ngazi iwemo shimoni, na mtu asichimbe peke yake.
(f) Mtendaji wa kijiji apewe taarifa kabla kuchimba hakujaanza.
(g) Vibarua nao waingizwe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.
(h) Mirunda ya kukingia iwekwe kwenye makadirio ya msingi, isiazimwe kutoka kwenye jukwaa.
(i) Narudia (a): kuta zikingwe.
(j) Wenye nyumba waombwe kuchimba msingi Agosti. Krismasi huja kila mwaka.