Neno Moja, Kazi Nyingi: Habari za "Order"



Tumeombwa kusema machache juu ya Kiingereza cha ofisini. Lugha hiyo ni bahari, nasi hatuna chombo cha kuivuka kwa muda tuliopewa. Kwa hiyo tumechagua neno moja tu, neno ambalo karani hukutana nalo mara nyingi kabla ya saa sita kugonga: neno "order".

Wengi wetu tulifundishwa shuleni ya kuwa maana yake ni amri. Tukaandika katika daftari, kisha tukalifunga daftari. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Asili ya neno hili ni "ordo" la Kilatini, maana yake safu, au mpango wa vitu ambamo kila kimoja kina mahali pake. Lilipita katika Kifaransa, likaingia katika Kiingereza baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066. Maana ya mpango ilitangulia, na maana ya amri ikazaliwa baadaye. Wala si ajabu, kwa kuwa mwenye haki ya kuvipanga vitu ndiye awezaye kusema, "Fanyeni hivi."

Natutazame sasa kazi zake. Mahakama ikitoa "order", hiyo ni amri, na asiyeitii ataadhibiwa. Posta ikitoa "money order", hiyo ni hawala ya fedha, wala hakuna aliyeamriwa lolote isipokuwa posta yenyewe kulipa. Mwenye duka akipeleka "order" ya vitambaa, ameagiza bidhaa. Faili zikiwekwa katika "order" ya herufi, zimewekwa kwa mfuatano. Mwenyekiti akipaza sauti na kusema "Order!", anataka utulivu. Watawa wanaoishi kwa kanuni moja huitwa "order", nasi twasema shirika. Hata nishani ya heshima huweza kuitwa hivyo. Tena yako maneno "out of order": yakibandikwa juu ya mashine, maana yake imeharibika, akiambiwa msemaji mkutanoni, maana yake amevunja utaratibu. Mashine yahitaji fundi, msemaji yampasa kuketi.

Pengine mtu atauliza, "Haya yote yatufaa nini? Si mchezo wa wanafunzi?" Ndugu zetu, si mchezo. Tuchukue mfano. Mzee mmoja aliyestaafu amepokea barua isemayo ya kuwa hati zake za malipo haziko "in order". Hajui Kiingereza, naye aja dirishani kumwomba karani amsomee. Karani anayejua maana moja tu atamwambia, "Mzee, hati zako hazina amri." Mzee ataelewa ya kuwa amekataliwa; ataitikia kwa adabu, atashika fimbo yake na kurudi kwao. Kumbe palikosekana alama ya kidole gumba tu katika karatasi ya pili! Lau karani angesema, "Hati zako hazijakamilika," mzee angalikamilisha pale pale na kupata haki yake. Hakuna aliyemwibia, wala hakuna aliyemtukana. Neno moja limemnyima chakula.

Na sasa tugeuze upande wa pili, yaani maneno yaliyo jirani na "order". Kiingereza kina mengi, na sababu yake ni historia ile ile ya ushindi. Watu wa chini waliendelea na maneno yao ya kale, kama "bid". Wakubwa walioshika mahakama na majumba walileta ya Kifaransa, kama "command". Wanazuoni wakaongeza ya Kilatini, kama "mandate". Hivyo jambo moja likapata majina matatu, na kila jina likabaki na heshima yake. Mwaka 1852 daktari mmoja Mwingereza, Peter Mark Roget, alitoa kitabu kilichopanga maneno kwa maana zake, yaliyo jamaa yakae pamoja. Kitabu hicho ni msaada mkubwa kwa mwandishi, lakini orodha haimwambii karani ni nani awezaye kumwambia nani neno lipi.

Kwa maana "command" ni neno la mfalme na jemadari. "Instruct" ni kuagiza pamoja na kueleza njia ya kufanya. "Direct" twalijua katika barua zianzazo "I am directed", yaani, "Nimeagizwa nikuarifu": mwandishi anasema kwa kinywa cha mkubwa wake. Lililo gumu kuliko yote ni "request". Kwa dhahiri ni ombi. Lakini ofisi ikimwandikia mtu "you are requested" afike siku fulani, mara nyingi hiyo ni amri iliyovikwa kanzu ya adabu. Karani akitafsiri "unaombwa" na kunyamaza, huenda mwenye barua akadhani ana hiari, akabaki shambani, kisha akatozwa faini. Yafaa aongeze, "Nawe huna budi kufika."

Wala mambo haya si madogo katika historia ya nchi zetu. Mwaka 1920 zilitolewa London hati zilizoitwa "Order in Council". Moja iliigeuza sehemu kubwa ya himaya ya Afrika Mashariki kuwa koloni la Kenya. Nyingine iliweka msingi wa serikali ya Kiingereza katika Tanganyika, pamoja na gavana na Mahakama Kuu. Kwa jina zilikuwa "order", sawa na "order" ya vitambaa dukani. Kwa nguvu zilikuwa sheria, na mamilioni ya watu wakatawaliwa kwazo.

Tusidhani hata hivyo ya kuwa Kiingereza peke yake kina tabia hii. Neno letu "agiza" humfaa mkuu wa idara na mwenye duka pia. Neno "amri" tulilipata kwa Waarabu, nao kwao "amr" ni amri, tena ni jambo au shauri. Hutofautishwa katika wingi. Nasi mtu akisema "napanda", hatujui kama ni mti aukwea au ni mbegu aitia ardhini, mpaka tusikie neno linalofuata.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, karani asilitafsiri neno kabla ya kusoma sentensi nzima. Neno hujulikana kwa wenzake, kama mtu. Pili, ajiulize: nani asema, kwa nani, na asiyefuata atapatwa na nini? Tatu, akiisha kutafsiri, amwulize mwenye barua, "Umeelewa kwamba ufanye nini?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama tafsiri imefika. Na asiyejua na aulize mwenziwe bila haya, kwa kuwa aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, na hasara ya kukosea ataibeba mwingine.

Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wa karani ukijikwaa, anayeanguka ni yule aliyesimama dirishani.