Kura ya Mgombea wa Tatu: Tuipime Karatasi kwa Karatasi

Mada ya semina ya wapiga kura, Jego, Lunga Lunga



Nimeombwa nizungumzie jambo linalotugombanisha barazani kila baada ya miaka mitano. Mtu ana mgombea wake anayempenda, na kijiji kizima kinajua hatashinda. Ampe kura au asimpe? Jibu la hapa kwetu nimelisikia tangu nipate kitambulisho: usiitupe kura yako mtoni. Mto wenyewe ni Umba, huu unaotupa mpunga mwaka huu na mwaka ujao ukauzoa. Nasema jibu hilo lina ukweli, ila tunalitumia kwenye karatasi ya kura isiyo yake.

Hofu ina asili. Mwaka 2007 tume ya uchaguzi ilimtangazia Kibaki kura 4,584,721, Raila 4,352,993 na Kalonzo Musyoka 879,903. Kati ya wawili wa kwanza palikuwa na pengo la kura 231,728. Hesabu yenyewe ilizozaniwa hadi damu ikamwagika, na Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ikaja kusema haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Lakini watu walishika moja: kura za Kalonzo zilikuwa zaidi ya mara tatu ya pengo lile, na Januari haijafika katikati alikuwa Makamu wa Rais wa Kibaki. Tangu hapo, kumwita mtu "wa tatu" ni karibu na kumtukana.

Sasa tazameni korosho hizi 20 nilizozipanga mezani. Nane upande huu, saba pale, tano kule. Kwa sheria ya 2007, mwenye nane angekuwa rais, mradi awe na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Wale 12 wasiomtaka wangerudi shambani wakilaumiana.

Katiba ya 2010 imeibadilisha hesabu hiyo, ila kwenye karatasi moja tu kati ya sita tunazopewa, ile nyeupe ya rais. Kifungu cha 138 kinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosa, tunarudi kituoni ndani ya siku 30. Kwa hiyo mwenye korosho nane hajapata kitu, anazihitaji 11. Na anayetaka kumzuia asifike 11 hana haja ya kurundika korosho zake zote kwa yule mwenye saba. Akimpa mwenye saba au mwenye tano, uzani ni uleule, kwani zote ni kura zisizo za yule wa kwanza.

Mwaka 2022 Ruto alipata 7,176,141 na Raila 6,942,930. Wajackoyah alipata 61,969, Waihiga Mwaure 31,987. Jumlisheni, mgawe kwa mbili: Ruto aliivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000, nchi nzima. Hapo ndipo kura za kina Wajackoyah zilipokuwa na maana. Zingeongezeka kidogo kwa gharama ya Ruto, tungerudi kwenye foleni mwezi uliofuata. Kuna hatari, sifichi. Huenda unayemkubali kama chaguo la pili ndiye angeivuka nusu mara ya kwanza, na wewe ukamrudisha uwanjani. Hiyo kila mtu aipime mwenyewe.

Na kijana anayesema ataharibu kura yake kwa hasira, asikilize. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika kutafuta asilimia ya mgombea. Ukichora katuni kwenye karatasi, nusu haisogei hata punje. Ukimpa wa tatu, inasogea.

Haya, tuiache karatasi nyeupe twende kwenye ya buluu, ya gavana. Hapa kifungu cha 180 hakijui nusu. Mwenye korosho nane ndiye gavana, tumemaliza. Hapa Kwale mwaka huohuo wa 2022, Fatuma Achani wa UDA alipata 59,674 na Profesa Hamadi Boga wa ODM 53,972. Pengo ni 5,702. Lung'anzi Mangale wa PAA alikuwa kwenye karatasi ileile. Wapo wanaoapa kwamba kura zake ndizo zilizomwangusha Boga. Mimi siapi. PAA ilikuwa imeshaingia muungano wa Kenya Kwanza pamoja na UDA, na huenda wengi wa waliompigia Mangale wangemwendea Achani, au wasingeondoka nyumbani kabisa. Ninachosema ni kwamba kwenye karatasi ya buluu hakuna kurudi. Aliyempa wa tatu alishalipa siku hiyohiyo. Wamarekani wa Florida walionja kitu kama hicho mwaka 2000: Bush alimshinda Gore kwa kura 537, na Ralph Nader alikuwa na zaidi ya 97,000.

Kwa hiyo tunafanya kinyume. Kwenye nyeupe, ambako kuna duru ya pili, tunaogopa na kujibana. Kwenye buluu na zile nyingine nne, ambako haipo, tunamwaga kura kwa binamu na jirani.

Lakini tusichanganye chama kidogo na mgombea wa tatu. Lunga Lunga yetu mwaka 2022 ilimchagua Mangale Chiforomodo kuwa mbunge kwa tiketi ya UDM. Msambweni, kwenye uchaguzi mdogo wa ubunge wa Desemba 2020, mgombea huru Feisal Bader alipata 15,251, na Omar Boga wa ODM 10,444. Bader alikuwa na Ruto nyuma yake, hilo tunalijua, ila kando ya jina lake kwenye karatasi hapakuwa na chama. Aliyewaambia watu wa Msambweni wavae suti ya chama kimoja kuanzia juu hadi chini, yaani wakipe kura zote sita, hakuwa amepita Diani kuuliza.

Haya, sasa zoezi. Kila kikundi kina korosho 20 na vipande sita vya karatasi za rangi. Chama chochote kisitajwe. Anzeni na buluu, halafu zigaweni upya kwa nyeupe, na kiongozi wa kikundi aniambie ni korosho ngapi zimehama na kwa nini. Mnaozila kabla ya kuhesabu nimeshawaona.