Kipandauso na Kilo za Majani Chai

Leo nazungumza nawe mama unayechuna majani chai hapa Mogogosiek, uwe shambani mwako au mwa kampuni.

Je, kichwa huwahi kukuuma upande mmoja, kikidunda, mwanga ukakuchoma macho, na moshi wa jikoni ukakutapisha? Pengine kabla yake uliona vimulimuli. Hicho ni kipandauso. Si uvivu, wala si jicho baya la jirani. Ni ugonjwa wa ubongo, mara nyingi wa kurithi, na hudumu saa 4 hata siku 3. Kwa kila mwanamume mmoja anayeugua, wako wanawake kama 3.

Taabu ni kwamba mchunaji hulipwa kwa kilo. Kichwa kikiuma kilo zinapungua, supavaiza anakuona mzembe, na jioni watoto wanataka chakula. Basi mama anameza vidonge kila asubuhi, hata kabla ya kuumwa, ili siku isipotee. Hapo ndipo anapojiumiza. Ukimeza paracetamol siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa siku 10 au zaidi, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Meza maumivu yanapoanza tu, kisha pumzika gizani ukiweza. Na usinunue dawa ya malaria dukani kabla ya kupimwa damu.

Weka alama kwenye kalenda kila kichwa kinapouma. Andika kama ulikosa usingizi, kama ulikuwa mwezini, kama ulitoka nyumbani na chai ya rangi tumboni tu. (Wengi wetu hutoka hivyo!) Kunywa uji kwanza, na ubebe maji.

Kalenda hiyo mpelekee daktari. Ziko dawa za kuzuia kipandauso kisirudi mara kwa mara. Mwombe pia cheti. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa aliyeajiriwa kwa miezi 2 mfululizo likizo ya ugonjwa ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti. Hata msimamizi wa zahanati anaweza kukitia sahihi kwa niaba ya daktari. Anayechunia jirani kwa kibarua cha siku, afadhali wakubaliane mapema.

Ukienda kliniki ya kupanga uzazi, mwambie muuguzi kuhusu vile vimulimuli. Baadhi ya vidonge vya uzazi huongeza hatari ya kiharusi kwa mwenye navyo.

Lakini kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au ukiwa na homa na shingo ngumu, au mkono ukilegea, au una mimba ya miezi 5 na zaidi na macho yanaona ukungu, hicho usikiite kipandauso. Usingoje lori la majani. Mwite mwenye pikipiki akufikishe hospitali mara moja.