Kiongozi Aliye Tayari Kuulizwa



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, twamwona mzee mwenye mvi akikabidhi uongozi. Hakuanza kwa kuyahesabu mema yake. Alisimama mbele ya mfalme Sauli, akawataka watu waseme kama alipata kutwaa ng'ombe au punda wa mtu, au kupokea rushwa. Nao wakamshuhudia kuwa hana hatia. Wala nyumba yake haikukosa doa. Sura ya 8 yatuambia kwamba wanawe, aliowaweka kuwa waamuzi, walipokea rushwa. Hata hivyo, alikubali kuulizwa.

Naungama jambo moja. Nilipokuwa mchungaji kijana, katika usharika mwingine, nilichukua fedha za jengo nikagharimia mazishi ya mjane asiye na ndugu. Nilizirudisha mwezi uliofuata, lakini sikumwambia mtu. Mtunza hazina, mzee ambaye hakuvuka darasa la nne, alinijia nyumbani usiku, asije akaniaibisha barazani. Akasema: "Mchungaji, fedha zimerudi. Imani ya watu ingeondoka, ungeirudisha kwa stakabadhi gani?"

Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nililiweka jambo hilo mbele ya baraza la wazee. Chuo cha theolojia kilinifunza kuhubiri. Mzee yule alinifunza kuongoza. Alikuwa na ujasiri wa kuniuliza, na upendo wa kunisitiri.

Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini, sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Hawakuwa na mishahara ya kutumainia wala cheo cha kujivunia. Walikuwa na uaminifu, na Kanisa halikuzimika.

Ninyi mtakaochaguliwa baada ya Jubilei hii mtakabidhiwa funguo na vitabu vya hesabu. Vifungueni kabla hamjaombwa. Nanyi washarika, msiwasengenye viongozi wenu njiani. Waendeeni, mkawaulize kwa upendo.

Bwana wa Kanisa, aliyewaosha wanafunzi wake miguu, atujalie moyo huo. Amina.